Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyeifuatilia saratani ya watoto

Limfoma ya Burkitt ni jina linalotajwa kila siku katika maabara za saratani duniani, na pia katika wadi za watoto za Kampala, Kisumu na Mwanza. Wengi wanaolitaja hawafahamu kwamba ni jina la daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa takriban miaka ishirini, akiwa na jicho moja tu, na kwamba chombo chake kikuu cha utafiti kilikuwa ramani ya Afrika. Siku hizi watafiti nchini Marekani wako katika hatua ya awali ya kujaribu, kwa wagonjwa wa limfoma, seli za kinga zilizobadilishwa jeni na kutiwa alama ili zionekane ziendako mwilini. Njia iliyofikisha sayansi hapo ni ndefu, na sehemu yake moja ilipita katika kilima cha Mulago.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, huko Ireland ya Kaskazini ya leo. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali wa wilaya, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Katika miaka ya 1920 aliwavika ndege wadogo wa bustanini kwake pete miguuni, kila mmoja na yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alikuwa na eneo gani, alihamia wapi na aliishi muda gani. Wataalamu wa ndege wangali wanamheshimu kwa kazi hiyo. Mwanawe alikulia katika nyumba ambamo kumtambua kiumbe mmoja kati ya wengi, na kuandika mahali alipoonekana, kulikuwa jambo la kawaida.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa na jiwe usoni. Miwani yake ilivunjika na jicho moja likapotea. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini hakukaa huko muda mrefu. Imani yake ya Kikristo, iliyopata nguvu katika siku hizo za chuo, ilimfanya aache uhandisi na kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akapata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa: daktari mpasuaji mwenye jicho moja hakuonekana kuwa mtu wa kutegemewa. Ilikuwa vita vya pili vya dunia vilivyomfungulia mlango. Aliingia jeshini mwaka 1941 akiwa daktari, na kazi hiyo ikamleta Kenya na Somalia. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wake, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri mjini Nairobi. Vita vilipokwisha, aliomba tena kazi ya utumishi wa tiba, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira ndiko ilikoonekana kwanza tabia ambayo baadaye ingempa umaarufu. Alikuwa na wagonjwa wengi kuliko muda wake, na miongoni mwao walikuwapo wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angewapasua na kuwaruhusu warudi makwao. Burkitt aliwauliza wanatoka wapi. Punde akabaini kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingi mashariki mwa wilaya na nadra magharibi, ingawa watu walikuwa wa kabila moja na waliishi maisha ya namna moja. Tofauti hiyo ilifungamana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Yalikuwa matokeo madogo, yasiyovuma sana, lakini yalimfunza kwamba swali la mahali ugonjwa ulipo, na mahali usipokuwapo, linaweza kufungua swali la chanzo chake. Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Miaka tisa ilipita hapo kabla ya siku iliyobadilisha maisha yake. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wadini kumtazama mvulana wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Maambukizi hayavimbishi taya kwa mpangilio huo, na saratani aliyoifahamu Burkitt kwa kawaida huanza mahali pamoja. Hakuwa na jina la ugonjwa huo wala dawa yake. Alipiga picha, akaandika aliyoyaona.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja kwa kazi za kawaida. Alipotazama nje kupitia dirishani, alimwona mama ameketi majanini na mtoto wake, na uso wa mtoto ulikuwa umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima na kugundua uvimbe mwingine tumboni. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya pekee. Wawili katika kipindi kifupi namna hiyo hawakuweza kupuuzwa. Burkitt alirudi Kampala na kuanza kupekua mafaili ya hospitali pamoja na orodha ya wagonjwa wa saratani iliyokuwa ikitunzwa Mulago tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliwakuta watoto wengine. Kila mmoja alikuwa ameandikwa kivyake: huyu ana saratani ya taya, huyu ya figo, yule ya ovari, yule ya jicho. Hata katika kumbukumbu za kale za Hospitali ya Mengo, zilizoandikwa na daktari mmisionari Albert Cook, ulikuwapo mfano wa mtoto wa aina hiyo. Ugonjwa ulikuwapo siku zote mbele ya macho ya madaktari. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba ni ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 alichapisha nchini Uingereza taarifa kuhusu watoto 38. Haikushtua watu. Lakini mjini Kampala wataalamu wa maabara, wakiwamo Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, walizitazama seli za uvimbe huo kwa darubini na kuthibitisha kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani inayoanzia katika seli zilezile za kinga ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Walipojumlisha, waliona kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto walizozichunguza zilikuwa za aina hiyo. Ulaya na Marekani limfoma ya namna hiyo ilikuwa haijulikani kabisa, au ikijulikana kwa nadra.

Kwa nini Uganda, basi, na si Uingereza? Na ndani ya Afrika yenyewe, ilianzia wapi na kuishia wapi? Burkitt alichapisha vipeperushi 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza kama ugonjwa huo umewahi kuonekana huko. Fedha za utafiti alizoanza nazo zilikuwa paundi 25 tu. Majibu yalipofika aliyachomekea vibanio kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Mkanda ukaanza kujitokeza, ukikata katikati ya Afrika, kaskazini na kusini ya ikweta, na mkia mrefu ukishuka pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji.

Ili kuujua mpaka wa mkanda huo, ilimpasa aende mwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa paundi 250, akiwa pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams kutoka Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson, raia wa Kanada. Williams alikuwa pia fundi wa magari, na kwa barabara za wakati ule ufundi huo haukuwa jambo dogo. Kwa wiki 10 walisafiri maili 10,000, takriban kilomita 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakizuru zaidi ya hospitali 50. Kila walipofika walitoa picha zilezile na kuuliza swali lilelile. Wapo waliosema wanaiona saratani hiyo kila mwezi. Wapo ambao hawakuwahi kuiona hata mara moja. Majibu yote mawili yalikuwa na thamani sawa, na pengine lile la pili lilikuwa na thamani zaidi.

Ilidhihirika kwamba watoto wa kando ya Ziwa Victoria na wa pwani waliugua, ilhali wale wa nyanda za juu hawakuugua. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Mtaalamu wa virusi na wadudu Alexander Haddow, aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyeona kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu: mpaka ulifuata joto na mvua. Saratani haikuwapo palipokuwa na baridi inayoshuka chini ya nyuzi 16 hivi, wala palipokuwa pakavu mno. Hiyo ndiyo hali ya hewa wanayoihitaji mbu.

Burkitt alidhani, kwa sababu inayoeleweka, kwamba mbu wanaeneza kirusi kinachosababisha saratani, kama wanavyoeneza homa ya manjano. Katika hilo alipatia nusu. Kirusi kilikuwapo, lakini hakikubebwa na mbu. Mbu walikuwa wakibeba malaria, na watu wengine walionyesha kwamba mahali malaria ilipokuwa kali mwaka mzima ndipo saratani ilipokuwa nyingi.

Kirusi chenyewe kilipatikana kwa bahati na kwa subira. Tarehe 22 Machi 1961, akiwa likizoni, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani katika kuku. Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikuwa ameamua kuacha shughuli nyingine. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilifika London na havikuonyesha kitu. Mnamo Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kwenda kutua Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama kwamba yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini na kuona seli hai za saratani zikielea. Zilikuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye pamoja na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kirusi kipya walichokiona ndani yake. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kilitoka katika taya la mtoto wa Uganda.

Huku hayo yakiendelea, watoto walikuwa wakifa. Uvimbe huo hukua upesi mno, na bila matibabu mtoto hufariki katika muda wa miezi michache. Kuupasua kuliharibu uso na hakukuokoa maisha. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Kilichobaki kilikuwa dawa, na dawa za saratani zilikuwa bado changa. Madaktari wa New York, wakiongozwa na Joseph Burchenal, walivutiwa na ugonjwa huo, na dawa kama methotreksati na baadaye saiklofosfamidi na vinkristini zikaanza kufika Mulago. Burkitt alitoa dozi ndogo kuliko ambazo Wamarekani wangezipendekeza, kwani hospitali haikuwa na uwezo wa kupima damu ya watoto mara kwa mara. Matokeo yaliwashangaza wote. Baadhi ya watoto, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Wachache walipona kabisa baada ya dozi moja au mbili, wakaendelea kuishi. Wengine wengi walipata nafuu, kisha ugonjwa ukawarudia.

Dozi ndogo namna ile haikupaswa kuua kila seli ya saratani. Burkitt na wenzake waliamini kwamba dawa ilifanya sehemu tu ya kazi, na kinga ya mtoto mwenyewe ikaimaliza. Peter Clifford mjini Nairobi aliziona dalili hizohizo kwa wagonjwa wake, na akashirikiana na Georg na Eva Klein wa Stockholm, walioonyesha kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa na chembe za kinga zinazonata kwenye seli za uvimbe. Mjini Ibadan, Vincent Anomah Ngu, mzaliwa wa Kamerun, alichunguza vilevile jinsi mwili unavyojitetea dhidi ya uvimbe huo. Njia ya kuitumia kinga hiyo kama dawa ya kutegemewa haikupatikana katika kizazi chao. Walikuwa na swali sahihi bila vifaa vya kulijibu. Mwaka 1972, Burkitt, Burchenal, Ngu na wengine walipewa Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi yao ya kutibu saratani kwa dawa.

Wakati huo Burkitt alikuwa amekwisha kuondoka. Alirejea Uingereza mwaka 1966 na kuanza maisha ya pili ya umaarufu, akihubiri faida za vyakula vyenye nyuzinyuzi. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa London alikuwa hayaoni Mulago, na kwa mara nyingine aliuliza kwa nini yako huku na hayako kule. Kwa Wazungu wengi hilo ndilo wanalomkumbukia. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na umri wa miaka 82, akimwacha mkewe Olive, aliyekuwa muuguzi, na mabinti watatu.

Mjini Kampala kazi haikusimama. Kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ushirikiano na Marekani, chini ya John Ziegler, nacho ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alishika uongozi na kuiweka taasisi hai. Katika West Nile, watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 na kuwafuatilia kwa miaka ili kuona nani angeugua. Ilibainika kwamba waliougua walikuwa na dalili za maambukizi makubwa ya kirusi cha Epstein-Barr muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Tangu hapo picha imekuwa wazi zaidi. Karibu kila mtu hupata kirusi hicho, hasa kwa mate, naye huishi nacho bila madhara. Kirusi hujificha ndani ya seli za kinga zinazoitwa seli B, na seli nyingine, seli T, hukaa zikiilinda hali hiyo kama askari wa zamu. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, seli T zake hulegeza ulinzi huo, na seli B huongezeka kupita kiasi, hata moja wapo ikaharibika na kuwa saratani. Kwa maneno mengine, limfoma ya watoto wa Mulago ilikuwa, kwa sehemu, habari ya walinzi waliozidiwa.

Tiba inayojaribiwa sasa inawageukia walinzi haohao. Seli T hutolewa katika damu ya mgonjwa, hutiwa jeni inayozifundisha kuitambua alama iliyo juu ya seli B, huzidishwa maabara, kisha hurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha tiba ya aina hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kwanza kwa saratani ya damu ya watoto na vijana, halafu kwa limfoma ya watu wazima. Wapo waliopona baada ya dawa zote kushindwa. Lakini seli zikishaingia mwilini, daktari huwa hazioni. Kipimo cha damu humweleza ni ngapi ziko ndani ya mishipa, hakimwelezi kama zimeufikia uvimbe, zimekufa njiani, au zimejazana katika kiungo kisichohusika na kuanza kukidhuru.

Hapo ndipo alama inapohitajika. Seli hizo hupewa jeni ya ziada inayoziwekea protini fulani juu yake, kama pete kwenye mguu wa ndege. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayonata kwenye protini hiyo, na mashine ya kupiga picha huonyesha zilipo. Majaribio ya awali huwa na wagonjwa wachache, na maswali yake ni ya unyenyekevu: je, seli hizo ni salama, na je, zinaonekana kweli? Hayajibu bado kama kuziona kutaokoa maisha zaidi.

Kabla ya kufikia mgonjwa, seli T za namna hii kwa kawaida hupimwa maabara dhidi ya seli za limfoma zilizo hai. Miongoni mwa zinazotumika zaidi kwa kazi hiyo duniani ni zile zilizochukuliwa katika miaka ya 1960 kutoka kwa watoto wa Nigeria na Kenya waliougua limfoma ya Burkitt, na ambazo zimeendelea kugawanyika katika chupa za maabara hadi leo. Tiba ya kwanza ya seli T iliyoidhinishwa ilitangazwa kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwenye kilima cha Mulago, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka mmoja baada ya Burkitt kuondoka, watoto wenye taya zilizovimba bado hupokelewa, wengi wao wakiwa wamechelewa, na dawa wanayoanzishiwa mara nyingi ni saiklofosfamidi.